Chombo cha Petroli Safarini

1. Akiba ya safari

Msafiri aendaye kwa miguu huchukua akiba ya maji na chakula. Lori nalo halina budi kuchukua akiba yake. Watu waendao kupiga kambi katika nyika zilizo mbali na barabara kuu huweza kwenda siku nzima wasione mahali pauzwapo petroli. Tena njia ya mchanga au ya matope hula mafuta mengi kuliko barabara ya lami. Basi dereva mwenye busara huhesabu mafuta ya kwenda, mafuta ya kurudi, na mafuta ya kupotea njia. Lakini akiba hiyo yaweza kuwaokoa watu au kuwaangamiza, na tofauti yake hutokana na chombo kilichotiwa petroli na mkono wa yule akishikaye.

2. Tabia ya petroli

Wengi hudhani ya kuwa petroli yenyewe ndiyo iwakayo. Sivyo. Kiwakacho ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Maji hutoa mvuke mwingi yachemkapo; petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata penye baridi ya theluji. Mvuke huo hauonekani kwa macho. Tena ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini kama maji yatafutayo bonde, hata ukafika penye moto ulio mbali. Hapo huwaka, na moto hurudi mbio kwa njia ile ile uliyopita mvuke, mpaka kwenye chombo.

Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro katika Tanzania, lori la kuchukua mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia na madumu wapate kuchota petroli iliyomwagika. Macho yao yaliiona petroli, hayakuuona mvuke. Moto ukatokea ghafula, na watu zaidi ya 100 wakafa.

3. Debe na jerikeni

Zamani petroli na mafuta ya taa yaliletwa Afrika ya Mashariki katika madebe ya bati. Kila debe lilichukua galoni 4, yaani lita 18, na madebe mawili yalitiwa katika sanduku moja la mbao. Debe lilipokwisha mafuta lilipata kazi nyingine nyingi, na hata leo nafaka hupimwa kwa debe sokoni. Lakini bati lake lilikuwa jembamba, wala halikufaa kwa safari ya mtikisiko.

Jambo hili lilidhihirika wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika jangwa la Misri na Libya, miaka ya 1940 hata 1942. Jeshi la Waingereza lilichukua petroli yake kwa madebe ya namna hiyo. Malori yaliporukaruka juu ya mawe, maungio ya madebe yalifumuka, petroli ikavuja. Wakubwa wa jeshi walikadiria ya kuwa kiasi cha sehemu 3 katika kila sehemu 10 kilipotea njiani. Askari nao waliyakata madebe matupu, wakatia ndani mchanga na petroli, wakayafanya meko ya kuchemshia chai. Na kazi hiyo madebe yaliiweza kuliko ile yaliyofanyiwa.

Wajerumani walikuwa na chombo kingine cha lita 20, kilichobuniwa mwaka 1937. Kilifanywa kwa vipande viwili tu vya chuma vilivyochomelewa pamoja. Mbavu zake zilikuwa na mifuo mfano wa msalaba, ili chuma kiwe na nguvu, tena kiweze kutanuka wakati wa joto. Kifuniko chake kilibanwa kwa wenzo, wala hakikupotea, maana kilishikamana na chombo. Juu yake palikuwa na vipini vitatu: mtu mmoja alishika cha katikati, na watu wawili walishika vya kando, na vyombo vikiwa vitupu, mtu mmoja aliweza kuchukua viwili kwa mkono mmoja. Ndani yake iliachwa nafasi ya hewa, hata kilipojazwa petroli kiliweza kuelea majini.

Waingereza walipoviteka vyombo hivyo walivipenda sana, wakaviiga. Na kwa kuwa askari wao walizoea kuwaita Wajerumani "Jerry," chombo nacho kikaitwa kwa jina hilo. Hiyo ndiyo asili ya neno jerikeni.

4. Kukijaza chombo

Chombo kizuri hakimfai mtu asiyejua kukitumia. Yapasa kufuata mambo haya manne wakati wa kukijaza.

Kwanza, injini izimwe, wala mtu asivute sigara.

Pili, chombo kiteremshwe, kiwekwe juu ya ardhi. Wengine hukijaza kikiwa juu ya lori ili kupunguza kazi. Petroli ipitapo katika mpira huzaa umeme kidogo, kama ule uzaliwao na kitana kikisuguliwa nyweleni. Chombo cha chuma kikiwa chini, umeme huo hushuka udongoni. Kikiwa juu ya plastiki iliyotandikwa garini, umeme hauna njia. Hujilimbikiza, kisha hutoa cheche. Na cheche moja yatosha.

Tatu, ncha ya mpira iguse mdomo wa chombo tangu mwanzo wa kujaza hata mwisho.

Nne, chombo kisijazwe pomoni, maana petroli hutanuka kwa joto la jua. Katika chombo cha lita 20, lita 19 zatosha.

5. Kukipakia chombo

Chombo kisimamishwe wima, kifungwe kwa kamba imara kisicheze. Kisiwekwe mahali wakaapo watu, maana mvuke hulevya na kuumiza kichwa. Kisiwe karibu na bomba la moshi, wala kisining'inizwe nyuma ya lori, mahali pa kwanza pagongwapo. Juu ya paa pia si pema. Chombo kimoja kilichojaa chapata kilo 19. Vyombo vinne vyapita kilo 70, na uzito huo ukiwa juu, lori hupinduka upesi penye kona.

Chombo cha maji na chombo cha petroli visifanane kamwe. Siku hizi dumu la plastiki hutiwa leo maji, kesho petroli, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua alilokusudia baba yake. Mtu aliyemeza petroli asitapishwe, maana yaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali upesi. Wala mtu asiivute petroli kwa mdomo katika mpira.

6. Kambini

Wafikapo kambini, vyombo vitengwe mbali na moto na mahema, penye kivuli, wala visiwe mahali palipoinuka kuliko moto, maana mvuke hutelemka. Tangi la lori lijazwe mchana, injini ikiisha kupoa. Petroli isimwagwe juu ya kuni zilizokataa kuwaka, wala isitiwe katika taa ya mafuta ya taa, maana taa hiyo yaweza kulipuka mkononi mwa mwenye kuiwasha. Petroli ikishika moto, isimwagiwe maji: petroli huelea juu ya maji, na maji hueneza moto. Moto mdogo ufukiwe kwa mchanga. Ukiwa mkubwa, watu wakimbie, waache mali.

Wahenga walisema, "Debe tupu haliachi kuvuma," nao waliwasema watu wenye maneno mengi na akili chache. Lakini kwa habari ya petroli, chombo kitupu chahitaji hadhari zaidi kuliko kilichojaa. Kilichojaa kina nafasi ndogo tu ya mvuke. Kitupu kimejaa mvuke uliochanganyika na hewa, tayari kwa cheche. Kwa hiyo chombo kitupu nacho hufungwa kifuniko, huwekwa mbali na moto, wala hakipelekwi kwa fundi achomelee tundu lake kama sufuria. Ajuaye hayo hukiogopa kisichoonekana, naye hurudi salama pamoja na wenzake.

Maswali

1. Ni kitu gani hasa kiwakacho, petroli au mvuke wake?
2. Kwa nini madebe ya bati hayakufaa jangwani?
3. Eleza sababu ya kuteremsha chombo chini kabla ya kukijaza.
4. Kwa nini maji hayazimi moto wa petroli?
5. Tazama vyombo vya mafuta na vya maji nyumbani kwenu. Je, mgeni aweza kuvitambua mara moja? Kama hawezi, andika mtakavyofanya.