Kukwama kwa Picha Katika Michezo ya Kompyuta: Namna ya Kuichunguza Prosesa

Picha inayotembea katika skrini ya kompyuta kwa hakika haitembei. Ni mfululizo wa picha zilizosimama, kila moja ikiitwa fremu, ambazo hufuatana upesi hata jicho likaziona kama kitu kimoja. Filamu ya sinema kwa kawaida huonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na mtambo wake hauna la kufikiri, kwa kuwa fremu zote zimekwisha kupigwa zamani. Mchezo wa kompyuta haupati nafasi hiyo. Kila fremu hutengenezwa papo hapo, baada ya kompyuta kutazama mchezaji amebonyeza nini. Ili zipatikane fremu 60 kwa sekunde, kazi ya fremu moja sharti iishe kwa milisekunde 16.7. Ikichukua milisekunde 33.3 zitapatikana 30 tu, na mchezaji atahisi uzito mikononi kabla hajaelewa sababu yake.

Kazi hiyo hugawanywa baina ya sehemu mbili. Prosesa huamua adui yuko wapi, risasi imefika wapi, gari lililogongwa litaangukia upande gani. Kisha huandaa maagizo ya vitu vinavyopasa kuchorwa. Kadi ya picha huyapokea maagizo hayo na kuzipaka rangi nukta zote za skrini. Uhusiano wao ni kama wa karakana ya ushonaji, ambamo fundi mmoja hupima na kukata vitambaa na wengine hushona. Mkataji akiwa mzito, washonaji hukaa mikono mapajani. Na mwenye karakana akinunua cherehani nyingine, hatapata hata kanzu moja zaidi kwa siku.

Hapo ndipo fedha za watu wengi hupotea. Mchezo ukianza kukwama, wazo la kwanza huwa kununua kadi mpya ya picha, ambayo mara nyingi ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote katika kompyuta ya michezo. Mwenye mashine hufungua Task Manager ya Windows, akaona prosesa inatumika kwa asilimia 21, akaamua kwamba prosesa haina kosa. Hesabu hiyo si ya uongo, ila imejibu swali jingine. Katika prosesa yenye viini vinane, kiini kimoja kikifanya kazi kwa asilimia 100 na saba vilivyobaki kwa asilimia 10 kila kimoja, wastani wa vyote ni kama asilimia 21. Kiini kimoja kimelemewa kabisa, na wastani unaonyesha mashine iliyopumzika. Tena Windows huweza kuihamisha kazi kutoka kiini hiki hadi kile mara nyingi kwa sekunde, hivyo hata michoro ya kila kiini yaweza isionyeshe asilimia 100 mahali popote.

Kwa nini basi viini vingine havisaidii? Jibu limo katika historia. Kwa miaka mingi watengenezaji waliongeza mwendo wa kiini kimoja. Mwaka 2004 Pentium 4 ya Intel ilifika gigahezi 3.8, joto likawa tatizo kubwa, na toleo la gigahezi 4 lililokuwa limetangazwa likafutwa mwaka huohuo. Mwaka 2005 Intel na AMD zikaanza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za mezani. Lakini programu haigawanyiki kwa amri ya mwenye kiwanda. Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani, alikwisha kueleza mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa kasi. Ichukuliwe fremu inayohitaji milisekunde 20 katika kiini kimoja, na nusu ya kazi yake haina budi kufuatana hatua kwa hatua. Viini vinne vitaifikisha kwenye milisekunde 12.5, vinane kwenye 11.25, na hata viini elfu havitaishusha chini ya 10. Mchezo wa Crysis, uliotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Crytek ya Frankfurt, ni mfano mashuhuri: ulitegemea mno mikondo michache ya kazi, na hata mashine za viini vingi za miaka ya baadaye zilishuka kasi katika baadhi ya sehemu zake. Nafuu ilipatikana kwa Direct3D 12 ya mwaka 2015 na Vulkan ya mwaka 2016, zilizorahisisha viini kadhaa kuandaa maagizo ya kuchora kwa pamoja. Hata hivyo mambo ya mchezo wenyewe bado hufuatana. Mlango haufunguki kabla ufunguo haujaokotwa.

Uchunguzi ulio mwepesi kuliko wote hauhitaji kununua chochote. Kwanza huondolewa kikomo cha fremu, pamoja na V-Sync inayoilazimisha kadi kwenda sawa na skrini. Vikiachwa, prosesa na kadi zote huonekana zimezembea. Kisha huchaguliwa mahali pamoja penye shughuli nyingi, mathalani soko au njia panda ya mji, na kasi ya fremu huandikwa. Halafu ukubwa wa picha hushushwa kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta zilizokuwa 2,073,600 sasa ni 921,600. Mzigo wa kadi umepungua sana, na wa prosesa umebaki karibu vilevile, kwa kuwa wapita njia ni walewale. Kasi ikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Ikibaki palepale, prosesa ndiyo inayoshukiwa, na kadi mpya haitafaa kitu. Kwa sababu hiyohiyo, mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza humsaidia kidogo sana mwenye prosesa dhaifu.

Wastani wa fremu nao hudanganya. Sekunde yenye fremu 50 za milisekunde 16 na fremu moja ya milisekunde 200 ina fremu 51, idadi nzuri kwenye karatasi; lakini mchezaji ameganda kwa sehemu ya tano ya sekunde, na pengine amekwisha kuuawa. Mwaka 2011 Scott Wasson wa The Tech Report alihimiza kupima muda wa kila fremu badala ya kuhesabu fremu za sekunde nzima, na hoja yake ilikubalika. Programu ya PresentMon ya Intel, inayopatikana bure, huandika muda huo, na tangu mwaka 2023 huonyesha pia kadi ilishughulika kwa kiasi gani. Fremu iliyochukua milisekunde 25, na kadi ikafanya kazi kwa 12 tu, inaeleza yenyewe kwamba kadi ilikuwa ikingoja.

Si kila kukwama kwa prosesa ni udhaifu wake. Kukwama kunakotokea mara ya kwanza tu mahali fulani, kisha kusirudi, mara nyingi hutokana na kutafsiriwa kwa programu ndogo za kadi. Kunakoanza baada ya dakika kadhaa, huku gigahezi zikishuka, ni joto. Vumbi la feni lisafishwe kabla ya kufikiria duka. Kipande kimoja cha kumbukumbu mahali pa viwili nacho huichelewesha prosesa.

Ikithibitika kwamba prosesa yenyewe ndiyo dhaifu, yapunguzwe mambo yaliyo yake: idadi ya watu njiani, umbali wa kuona, mwendo wa vitu vinavyobomoka. Uzuri wa rangi na ukubwa wa picha waweza kuachwa juu, maana mlipaji wake ni kadi. Na atakayelazimika kununua asihesabu viini na gigahezi peke yake. Ryzen 7 5800X3D ya AMD, iliyotoka mwaka 2022, ilikuwa na viini vinane sawa na 5800X na mwendo wa chini kidogo, lakini kumbukumbu yake ya ndani ilikuwa megabaiti 96 badala ya 32, na katika michezo mingi iliishinda.