Saa na Jua: Somo la Nyakati kwa Watu wa Korogwe na Handeni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Sala tano zimewekewa nyakati zake, na nyakati hizo hazikufungwa kwa saa ya ukutani bali kwa jua. Adhuhuri huingia jua lipindukapo katikati ya mbingu, na Magharibi huingia likisha kuzama lote. Mwenye kusali faradhi kabla ya wakati kuingia, faradhi ile haikusihi, ijapokuwa saa yake ni ya thamani kubwa.

Kwa ajili hiyo Waislamu wa kale waliishughulikia mno elimu hii. Mwaka 807 wajumbe wa Khalifa Harun ar-Rashid walimfikishia Charlemagne, mfalme wa Wafaranka, saa ya shaba iendayo kwa maji. Ilidondosha tufe za shaba zikalia, na wapanda farasi 12 wakatoka madirishani. Mwaka 1206 al-Jazari alimaliza kitabu chake cha vyombo vya ufundi, na ndani yake mna saa yenye umbo la tembo. Lakini Ibn al-Shatir, muwakiti wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, mwaka 1371 alifanyiza saa ya kivuli kwa mnara wa msikiti ule. Aliyeulizwa ni jua lenyewe.

Na katika pwani ya Afrika Mashariki desturi ya zamani ilikuwa kuirudisha saa kila machweo, akrabu zikawekwa juu ya 12. Saa ilikuwa ikimfuata jua.

Mambo yaligeuka ilipokuja reli. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Kila mji una adhuhuri yake, wala gari la moshi haliwezi kufuata jua la kila mji. Halina budi na hesabu moja kwa stesheni zote. Leo hesabu hiyo moja ni ya Afrika Mashariki, nayo imewekwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, upitao Somalia karibu na Mogadishu. Dunia hugeuka digrii moja kwa dakika 4. Korogwe iko kama digrii 38 na nusu. Basi jua huchelewa huko kama dakika 26 nyuma ya saa, na Handeni kama dakika 28.

Tena mwendo wa jua si sawa mwaka mzima. Mwanzo wa Novemba jua la Korogwe hupinduka kama saa sita na dakika 10. Katikati ya Februari, kama saa sita na dakika 40. Basi mwenye kusali Adhuhuri saa ipigapo sita, amesali na wakati haujaingia, mwezi wowote uwao.

Na jambo la saumu ni zito zaidi. Jua huzama Tanga kabla ya Handeni kwa kama dakika 4. Mtu wa Handeni akifungua kwa karatasi ya nyakati iliyopigiwa hesabu Tanga, huenda akatia tende kinywani na jua lingali juu. Na siku ile itamlazimu kuilipa.

Dawa yake ni nyepesi. Usimamishwe mti ulionyooka, wima, mahali pa sawa penye jua. Kivuli hupungua hata kifike ukomo wa ufupi. Kianzapo kurefuka upande wa mashariki, Adhuhuri imeingia. Kivuli kile kifupi kipimwe kwa uzi, kikaongezwe urefu wa mti. Kivuli kikifika kadiri hiyo, Alasiri imeingia kwa madhehebu ya Imamu Shafii. Na ajabu ni kuwa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 7 Machi na 6 Oktoba, jua hupita utosini mwa Korogwe na Handeni, na mti ukawa hauna kivuli kabisa.

Haisemwi kuwa saa itupwe. Saa ni mtumishi mwema kwa safari, kazi na ahadi za watu. Lakini mtumishi huamrishwa, wala haamrishi. Mwenye kuipima saa yake kwa kivuli mara kwa mara, ataitumia kwa amani.

Wabillahi ttaufiq.