Kitanda na Kunguni Wake: Nafasi ya Mrejesho wa Watumiaji katika Majaribio ya Umma ya Programu za Tarakilishi

Ikisiri

Makala haya yanajadili jinsi maoni ya watumiaji yanavyoathiri uundaji wa programu za tarakilishi wakati wa majaribio ya umma. Mifano mitatu kutoka historia ya mfumo endeshi wa Windows, ya miaka ya 2009, 2012 na 2018, inatumiwa kuonyesha kwamba thamani ya mrejesho haitokani na wingi wake pekee, bali na namna unavyoandikwa na unavyosikilizwa. Sehemu ya mwisho inalihusisha suala hili na mtumiaji wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa kawaida methali hii humwonya anayethubutu kuhukumu hali asiyoiishi. Hata hivyo, inaafiki pia kazi ya uundaji wa programu, taaluma ambayo, kwa sadfa, huziita hitilafu zake wadudu. Seremala hukijua kitanda kwa vipimo na mbao zake. Anayekilalia hukijua kwa mgongo wake. Vivyo hivyo, mwundaji wa programu huijua kwa msimbo alioandika, ilhali mtumiaji huijua kwa kazi anayotaka kuikamilisha kabla umeme haujapotea. Maarifa haya mawili ni tofauti, na hakuna linaloweza kuchukua nafasi ya lenzake. Majaribio ya umma ndiyo uwanja yanapokutana.

2.0 Maana ya Majaribio ya Umma

Kabla ya kutolewa rasmi, programu hupitia hatua kadhaa za majaribio. Hatua ya alfa hufanywa zaidi na waundaji wenyewe pamoja na wenzao wa karibu. Hatua ya beta, iliyopewa jina la herufi ya pili ya alfabeti ya Kigiriki, huitoa programu nje ya karakana. Beta inaweza kuwa ya faragha, ikatolewa kwa walioalikwa tu, au ikawa ya umma, yeyote apendaye akaipakua na kuijaribu huku akijua kwamba haijakamilika.

Sababu ya kuutafuta umma ni kwamba hakuna maabara inayoweza kukusanya kila aina ya mashine, printa, mtandao na mazoea ya watu. Mnamo Agosti 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliwatangazia watumiaji wa mfumo wa Minix kwamba alikuwa akiunda mfumo wake mwenyewe, akawauliza wangependa uwe na mambo gani. Mfumo huo ndio uliokuja kuitwa Linux. Nayo huduma ya barua pepe ya Gmail, iliyoanzishwa tarehe 1 Aprili 2004, ilibeba neno beta katika nembo yake hadi Julai 2009, yaani zaidi ya miaka 5.

Mrejesho unaopatikana katika majaribio haya ni wa aina mbili. Kuna mrejesho wa kauli, ambao mtumiaji huandika mwenyewe akieleza lililomsibu au analolitaka. Pia kuna mrejesho wa kimyakimya, ambao programu yenyewe hutuma kwa waundaji: ilikwama mara ngapi, kitufe gani kilibofywa, kipi hakikuguswa. Aina hii ya pili husema jambo gani limetokea na mara ngapi. Ni ile ya kwanza tu inayoweza kusema kwa nini.

3.0 Mrejesho Uliosikika: Windows 7

Windows Vista, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007, ilileta kidirisha cha usalama kilichomwomba mtumiaji idhini kila programu ilipotaka kufanya mabadiliko makubwa. Nia ilikuwa njema, lakini kidirisha kilijitokeza mara nyingi mno hivi kwamba watu walikichukia, na wengi wakakubali kila ombi bila kulisoma. Katika Windows 7 kampuni ya Microsoft iliamua kukipunguza: mtumiaji asiulizwe anapobadilisha mipangilio ya Windows yenyewe.

Toleo la beta la Windows 7 lilifunguliwa kwa umma Januari 2009. Kampuni ilikuwa imepanga kulitoa kwa watu milioni 2.5 tu, lakini wapakuaji walikuwa wengi kiasi cha kuzilemea seva zake, na kikomo hicho kikaondolewa. Kila dirisha lilikuwa na kiungo cha kutuma maoni. Microsoft ilieleza baadaye kwamba katika wiki moja ya mwezi huo ripoti moja iliingia kila baada ya sekunde 15. Hesabu rahisi inatupa zaidi ya ripoti 40,000 kwa wiki hiyo pekee.

Hata hivyo, tukio linalofunza zaidi halikutokana na wingi huo. Mwishoni mwa Januari watumiaji wawili, Long Zheng na Rafael Rivera, walionyesha kwamba programu ndogo yenye nia mbaya ingeweza kujifanya mtumiaji, ikaigiza mibofyo ya kicharazio, na kukizima kidirisha cha usalama bila mwenye mashine kuulizwa lolote. Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa kwamba mfumo ulikuwa umesanifiwa hivyo makusudi. Wawili hao hawakunyamaza, na wengi wakaunga mkono hoja yao. Tarehe 5 Februari 2009 viongozi wa uundaji wa Windows walibadili msimamo na kuahidi kwamba jaribio lolote la kubadilisha kiwango cha ulinzi lingehitaji idhini ya mtumiaji. Windows 7 ilipotolewa Oktoba 2009, ahadi hiyo ilikuwa imetimizwa.

Tunaona hapa mambo mawili. Kwanza, watumiaji hawakulalamika tu. Walitoa ushahidi ambao yeyote angeweza kuurudia kwenye mashine yake. Pili, waliokuwa na uwezo wa kurekebisha walikubali kukosolewa hadharani.

4.0 Mrejesho Uliopuuzwa: Windows 8

Si kila mrejesho hupata bahati hiyo. Katika matoleo ya majaribio ya Windows 8, likiwemo lile la Februari 2012, kitufe cha kuanzia kilichokuwa kwenye kona ya skrini tangu Windows 95 kiliondolewa, na menyu yake ikabadilishwa kwa ukurasa mzima wa vigae. Wengi walioyajaribu walilalamika kwamba hawakujua waanzie wapi. Waundaji, kwa upande wao, walikuwa na takwimu zilizoonyesha kwamba watu walikuwa wakiifungua menyu ile mara chache kuliko zamani.

Takwimu hizo hazikuwa za uongo, ila zilikuwa nusu ya habari. Mlango wa nyumba unaweza kufunguliwa mara chache kwa siku, lakini hakuna anayeung'oa kwa sababu hiyo. Mrejesho wa kimyakimya ulihesabu mibofyo. Mrejesho wa kauli ulieleza kwamba kitufe kile kilikuwa pa kurejea mtu anapopotea. Mfumo ulitolewa Oktoba 2012 bila kitufe. Mwaka mmoja baadaye, katika Windows 8.1, kitufe kilirudishwa. Menyu kamili ilirejea katika Windows 10 mwaka 2015. Kilichokuwa kimesemwa bure wakati wa majaribio kililipiwa gharama baada ya mauzo.

5.0 Mrejesho Uliozama: Oktoba 2018

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote. Kuanzia mwaka 2014 Microsoft ilikuwa na mpango wa kudumu wa majaribio, ambapo watu wa kujitolea walipokea matoleo mapya mapema na kutuma ripoti. Ripoti hizo zilipigiwa kura: iliyoungwa mkono na wengi ilipanda juu na kuonekana.

Sasisho la Windows 10 lililotolewa tarehe 2 Oktoba 2018 lilifuta faili za baadhi ya watu. Walioathirika ni waliokuwa wamehamishia folda zao, kama vile ya nyaraka au ya picha, mahali pengine, huku faili nyingine zikibaki katika folda ya awali. Sasisho liliichukulia folda ya awali kuwa haina kazi tena, likaiondoa pamoja na vilivyokuwamo. Siku chache baadaye usambazaji ulisimamishwa, na haukuanza tena hadi tarehe 13 Novemba. Kulingana na Microsoft, walioripoti upotevu walikuwa takriban mmoja katika kila sasisho 10,000.

Lililosikitisha ni kwamba baadhi ya waliojitolea walikuwa wameripoti kupotea kwa faili miezi kadhaa kabla. Ripoti zao zilipata kura chache, kwa kuwa tatizo liliwapata wachache, hivyo zikazama chini ya maombi ya mambo mepesi yaliyopendwa na wengi. Baada ya tukio hilo kampuni iliongeza sehemu ya mtumiaji kueleza uzito wa tatizo anaporipoti. Husemwa kwamba wengi wape. Katika kuchagua rangi ya dirisha kanuni hiyo inafaa. Katika suala la mtu kupoteza tasnifu yake au picha za marehemu mzazi wake, kauli ya mmoja inatosha kusimamisha kazi.

6.0 Uandishi wa Ripoti Yenye Manufaa

Mifano hii inatuonyesha kwamba ripoti ni utanzu wa uandishi wenye kanuni zake. Anayeandika "haifanyi kazi" ametoa kilio, wala hajatoa habari. Ripoti yenye manufaa hujibu maswali manne: nilikuwa nikitumia toleo gani na mashine gani? Nilifanya nini, hatua kwa hatua? Nilitarajia nini? Badala yake kulitokea nini? Likiongezwa la tano, yaani madhara yake ni makubwa kiasi gani, ripoti haitapimwa kwa kura pekee. Mwanafunzi aliyezoea kuandika ripoti na kumbukumbu za mikutano tayari ana ujuzi unaohitajika.

7.0 Mtumiaji wa Kiswahili

Suala hili linatugusa kwa namna ya pekee. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi katika Kiswahili, na tangu hapo programu nyingi zimetafsiriwa. Hata hivyo, zipo hitilafu ambazo mwundaji asiyejua Kiswahili hawezi kamwe kuziona. Tuchukue programu inayotunga ujumbe kwa kubandika nomino yoyote mbele ya kitenzi kimoja kisichobadilika. Kitenzi hicho kikitafsiriwa kuwa "imefutwa", tutasoma "picha imefutwa" bila tatizo, lakini pia tutasoma *"ujumbe imefutwa", *"kitabu imefutwa" na *"picha 3 imefutwa". Upatanisho wa kisarufi umevunjwa, si kwa kosa la mtafsiri, bali kwa muundo wa programu wenyewe. Marekebisho ni rahisi ikiwa bado iko katika majaribio. Baada ya hapo huwa ghali.

Vilevile istilahi zetu zenyewe zimekuwa katika majaribio ya umma. Tarakilishi, ngamizi na kompyuta zilitolewa mbele ya wazungumzaji, nao wanaendelea kutoa mrejesho kwa kuzitumia au kuziacha. Waundaji wa istilahi wana la kujifunza hapa: wasihesabu tu neno limetumiwa mara ngapi, bali waulize kwa nini.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mrejesho wa watumiaji unaweza kuziba pengo la usalama, kurudisha kilichoondolewa, au kuzama na kuacha watu wakipoteza mali yao. Tofauti hutegemea pande mbili: anayesema aseme kwa ushahidi, na anayesikiliza apime uzito kabla ya idadi. Kwa upande wetu wanafunzi wa Kiswahili, kunyamaza wakati wa majaribio na kunung'unika baadaye hakufai. Sisi ndio tunaokilalia kitanda hiki. Kunguni tukiwajua, tuwataje mapema.