Rosemari ya Huruma Inakufa kwa Maji

Anayepita Huruma akiinua macho huona nguo kwanza, kisha ndoo. Kwenye roshani za majumba ya ghorofa sita na saba kuna dania, vitunguu vya majani, na siku hizi rosemari, kichaka chenye majani membamba kama sindano, kijani mwaka mzima, kinachomwachia harufu kila anayekigusa kwa bega. Soko la mbuzi la Kiamaiko liko jirani, na nyama ya mbuzi na rosemari zinapatana vizuri. Kati ya barua za wasomaji zilizofika kuhusu rosemari hiyo, mtaalamu wa bustani amejibu zile zilizomuudhi na zilizomtia wasiwasi.

Niliweka kokoto chini ya ndoo ili maji yatoke. Mbona mizizi imeoza?

Barua tano zinauliza hili, na zote zinapata jibu moja: kokoto zimechangia.

Hakuna imani inayomkera mtaalamu kama hii, maana hata baadhi ya wauza miche huifundisha. Maji yakishuka kwenye udongo laini hayaangukii tu kwenye mianya mikubwa ya kokoto. Udongo huyang'ang'ania. Yanajikusanya juu ya kokoto mpaka udongo wa hapo ushibe kabisa, ndipo yaanze kupita. Kwa hiyo tope ambalo lingekaa chini kabisa mwa ndoo limeinuliwa na kusogezwa karibu na mizizi. Ndoo yenye kina cha sentimita 30, ikitiwa kokoto za sentimita 8, inabaki na udongo wa sentimita 22, na unene wa tope ni ule ule.

Anayebisha achukue sponji ya kuoshea vyombo, ailoweshe, ailaze kiganjani mpaka iache kudondosha. Kisha aisimamishe wima. Itadondosha tena, ingawa hakuna aliyeiongezea hata tone. Kimo ndicho kinachoyasaidia maji kushuka, na kokoto zinakila kimo hicho.

Kinachofaa ni matundu manne au matano chini ya ndoo, vipande viwili vya mbao vya kuiinua kutoka sakafuni, na mchanga wa mto, ule wa mafundi unaoletwa kutoka Machakos, uliochanganywa na udongo wote kuanzia juu hadi chini: debe moja la mchanga kwa mawili ya udongo. Udongo mweusi unaonata, ulio mwingi Eastlands, haufai ukiwa peke yake.

Inanyauka. Naimwagilia kila asubuhi, inazidi kunyauka.

Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, ndiyo maana majani hulegea kama ya mmea wenye kiu. Mwenye ndoo huona kiu, akaongeza maji, akaumaliza. Rosemari asili yake ni vilima vya mawe kando ya Bahari ya Kati, ambako majira ya joto hupita karibu bila mvua. Kidole kizamishwe kwenye udongo: kikitoka na unyevu, maji yasubiri. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ndoo isogezwe ndani ya roshani isinyeshewe.

Maji ya Mto Mathare si yana mbolea?

Yana maji taka, na majani haya yanaliwa. Hapana.

Naweza kutia samadi ya mbuzi ya Kiamaiko?

Konzi moja kwa msimu, tena iliyooza vizuri. Ikizidi, matawi hurefuka yakiwa laini na harufu hupungua.

Ni kweli inaotesha nywele, inashusha presha na kufukuza mbu?

Mwenye presha aende kituo cha afya, na asiache dawa zake kwa ajili ya chupa ya rosemari ya mchuuzi. Kuhusu nywele, kuna jaribio la Iran lililochapishwa mwaka 2015: watu 100 walifuatwa kwa miezi sita, na mafuta ya rosemari yakalingana na minoksidili ya asilimia 2. Ni jaribio moja dogo, tena la mafuta. Maji ya majani yaliyochemshwa, yanayouzwa kwa chupa, hayakupimwa. Mbu nao hawaukimbii mmea uliotulia, kwa kuwa harufu hutoka kwa wingi jani likisagwa. Sahani ya maji chini ya ndoo, kinyume chake, huwazalisha.

Roshani yangu ilikuwa na jua Januari. Limeenda wapi?

Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, halafu hurudi kusini hadi Machi. Roshani inayotazama kusini hukosa jua katikati ya mwaka, na rosemari hutaka kama saa sita kwa siku. Aliyezibwa na jengo la jirani mwaka mzima apande mnanaa.

Tunataka kujaza mapipa ya udongo juu ya paa.

Mtaalamu anaomba wasifanye hivyo kabla mhandisi hajalikagua jengo. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hupita kilo 25, na pipa ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Huruma ndiyo ilizika watu zaidi ya 50 baada ya jengo kuporomoka tarehe 29 Aprili 2016. Ndoo pia zishuke kutoka kwenye kingo za roshani, maana chini watoto wanacheza.

Mbegu zangu hazioti. Nichovye vijiti kwenye asali?

Mbegu za rosemari huwa nzito kuota, na asali haihitajiki. Ikatwe ncha changa ya sentimita 10, isiyo laini sana wala kukomaa kuwa mti, chini kidogo ya kifundo. Majani ya nusu ya chini yaondolewe, kisha kipandikizi kichomekwe kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini penye mwanga. Wanaokiharibu ni wale wanaokichomoa kila Jumapili kutazama mizizi. Wiki ya sita kivutwe polepole. Kikigoma kutoka, kimeshika.