Usinunue Mng'ao, Mdogo Wangu

Wadogo zangu mlio Leicester, London, Leeds na kote kwenye baridi ya Uingereza, leo tuongee kuhusu reli ya taulo, ile inayopashwa moto, maana wengi mnahangaika nayo kimyakimya. Asubuhi ya Januari giza bado nene, mtoto hataki kuoga, na taulo unalomfungia ni lile la jana, bichi, limeanza kunuka uvundo. Inavunja moyo. Kuitafutia hali hiyo dawa si anasa, wala asikwambie mtu kwamba umeanza kujidai.

Lakini usikimbilie dukani. Ile reli ya kromu inayong'aa kwenye picha ndiyo inayowapoteza. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Kwa ukubwa ule ule, kromu hutoa joto kidogo kuliko chuma kilichopakwa rangi nyeupe. Ukiipenda chukua, bafu ni lako, ila chukua kubwa zaidi. Na kwanza jiulize: nataka kukausha taulo, au nataka bafu zima lipate moto? Hizo ni kazi mbili, mpenzi. Ukishatundika mataulo manne mazito, joto linafunikwa humo humo, wewe unatetemeka, kisha unasema umeibiwa. Hukuibiwa, hukuuliza tu, wala wewe si wa kwanza.

Soma wati zake. Wengine huandika BTU. Wati 1 ni kama BTU 3.4. Na yale maandishi madogo usiyaruke: mara nyingi namba hiyo imepimwa maji ya ndani ya reli yakiwa yamezidi hewa ya chumba kwa digrii 50. Kama nyumba yenu inatumia pampu ya joto, maji yake huwa ya vuguvugu zaidi. Tofauti ikishuka hadi digrii 30, unapata karibu nusu tu ya joto ulilolipia.

Haya, joto lenyewe litoke wapi? Ukiiunga na boila peke yake, siku mnayozima joto la nyumba mwezi wa Juni, reli nayo inapoa, na mvua za Juni za huko mnazijua. Ya umeme mtupu haina shida hiyo, ila ina mdomo. Ya wati 100 ikiwaka saa 10 inakula uniti 1. Ya wati 300 inakula 3. Ukiisahau usiku na mchana, bili ikija mtanuniana ndani ya nyumba, kila mmoja akimwambia mwenzake ndiye aliyeiacha. Nunua yenye saa ya kujizima, uokoe pesa na mapenzi.

Ipo pia inayotumia vyote viwili, boila wakati wa baridi na umeme wakati wa kiangazi. Mimi naipenda hiyo, lakini ina sharti: usiiwashe umeme valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Maji yakipata moto hutanuka, na yakikosa pa kwenda presha inapanda. Valvu moja iwe wazi. Wala usiiwashe bila maji ndani, utaunguza kipashio chake.

Hapa sasa nakaza sauti. Usivute waya wa nyongeza kutoka chumbani kuuingiza bafuni. Usithubutu! Najua kuna jirani aliyefanya na bado yu hai, usimwige. Ndani ya sentimita 60 kutoka ukingo wa beseni la kuogea au shawa, hadi urefu wa mita 2.25, kifaa cha umeme lazima kihimili maji ya kurukia, alama yake IPX4 au zaidi, na laini yake ilindwe na kikata umeme cha miliampea 30. Mumeo akisema ataifunga mwenyewe, mshukuru kwa upole, kisha ita fundi umeme aliyesajiliwa, naye akupe cheti. Cheti kitunze.

Na wewe uliyepanga, usitoboe ukuta kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi. Ukitoboa bomba, amana yako ndiyo itakayolipa.

Jambo jingine mnalolisahau: maji yanayotoka kwenye taulo hayapotei, yanaingia hewani na kutua kwenye ukuta wa baridi, ndipo lile kuvu jeusi linapoota pembeni, na mwenye pumu anakosa usingizi. Kwa hiyo feni ya kutoa hewa iwake, au dirisha lifunguliwe kidogo, hata kama reli ni nzuri namna gani. Na kama kuna mtoto anayetambaa, mwambie fundi aipandishe reli juu ya kimo chake, tena moto upunguzwe. Chuma kilichoungwa na boila kinaweza kuunguza kiganja kidogo.