Mtu Peke Yake na Mtu Kundini

Katika somo hili nataka tuchunguze jambo ambalo kila mwanafunzi wa bweni amepata kuliona: kwa nini mtu mwenye akili timamu husema hivi akiwa peke yake, na vingine akiwa kati ya wenzake?

Wazee walilijua jambo hili pande zote mbili. Walisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa," maana kazi kubwa yataka wengi. Walisema pia, "Bendera hufuata upepo."

Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Marekani, Solomon Asch, aliupima upepo huo. Aliwaketisha vijana wa chuo, saba hata tisa, akawaonyesha kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja. Ya pili mitatu, na mmoja wa hiyo ulilingana na ule wa kwanza. Kazi yao ilikuwa kuutaja kwa sauti, mmoja mmoja. Hata mtoto mdogo angeweza. Lakini palikuwa na hila: wote walikuwa wamepatana na Bwana Asch, isipokuwa kijana mmoja, aliyejibu karibu na mwisho. Mara 12 katika 18 wenzake walitaja kwa umoja mstari usio sawa.

Watu waliojibu peke yao walikosa chini ya 1 kwa mia. Mbele ya kundi, majibu 37 hivi katika kila 100 yaliufuata uongo. Robo tatu hivi ya vijana walikubali angalau mara moja; robo moja walisimama imara mpaka mwisho. Walipoulizwa sababu, wengine walisema walidhani macho yao yana kasoro. Wengine walijua kweli, ila hawakutaka kuonekana tofauti. Basi sababu ni mbili: shaka na haya.

Tazameni tena. Mpinzani mmoja hakumtikisa kijana, wawili walimtikisa, watatu walitosha, na kuongeza wengine hakukuzidisha mengi. Lakini alipopewa mwenzi mmoja tu aliyesema kweli, makosa yalishuka mpaka robo hivi ya yale ya kwanza.

Msidhani haya ni ya wanafunzi tu. Aprili 1961 Rais John Kennedy wa Marekani na washauri wake, watu wenye elimu kubwa, walikubali kuwapeleka wakimbizi wa Cuba 1,400 hivi kuishambulia nchi yao kwenye Ghuba ya Nguruwe. Kwa siku tatu walishindwa, na zaidi ya 1,000 wakatekwa. Mshauri mmoja, Arthur Schlesinger, alikuwa amemwandikia Rais kwamba mpango haufai. Lakini mikutanoni aliuliza maswali machache ya woga tu, na baadaye alijilaumu kitabuni mwake. Kennedy alijifunza. Oktoba 1962, ilipojulikana kwamba Warusi wameweka makombora Cuba, mara nyingine aliwaacha washauri wakutane bila yeye, ili wabishane pasipo kumtazama usoni.

Sasa tuingie bwenini. Posho imeungua. Mmoja anasema, "Tugome!" Wa pili na wa tatu wanaitika. Pengine arobaini katika hamsini hawataki, lakini kila mmoja anaona kimya cha wenzake na kudhani ni kukubali. Usiku vioo vinavunjwa. Asubuhi wanafukuzwa hata wale ambao hawakutaka. Na ng'ombe ambaye mzazi alimwuza kwa ajili ya ada harudi zizini.

Je, tukimbie makundi? La. Bila kundi hakuna timu, wala kwaya, wala chama cha ushirika. Tena, si kila apingaye ana haki; huenda malalamiko ya posho ni ya kweli. Lakini neno lililopingwa huchunguzwa, na lisilopingwa hupita kama mwizi gizani. Kwa hiyo yafaa tushike haya:

1. Mkubwa wa mkutano aseme mwisho, wadogo waanze.
2. Jambo zito lipigiwe kura ya siri. Katika jaribio la Asch, kijana alipoandika jibu lake faraghani, makosa yalipungua sana.
3. Ukiona kosa, sema kwa adabu, na mapema, kabla sauti hazijawa tatu. Huenda jirani yako anangoja mwenzi mmoja tu.

Maswali ya kujizoeza

1. Kuna tofauti gani kati ya kunyamaza na kukubali?
2. Kwa nini mwenzi mmoja ana nguvu kuliko hoja nyingi za moyoni?
3. Ninyi mlio kazini na katika kamati: ni nani husema kwanza mikutanoni kwenu, na baada yake ni nani hubisha?

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita