Habari za William Henry Lewis

William Henry Lewis alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1868. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Alipokuwa akisoma sheria katika chuo cha Harvard, alisifiwa sana kwa mpira wa Kiamerika, ule ambao watu huukamata mikononi na kukimbia nao. Si kama huu wetu wa miguu. Mwaka 1896 alitoa kitabu cha kuufundisha. Mwaka 1911 Rais Taft alimweka awe msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka uliofuata wakuu wa chama cha mawakili walitaka kumtoa kwa ajili ya rangi yake tu. Lewis alikataa kujiuzulu. Mkubwa wake, Wickersham, akawaandikia wanachama wote barua ya kumtetea.